Kahawa Waliyoanika kwenye Njia Yako

Shemeji yangu Leokadia,

Ule mteremko wa saruji kwenye hoteli ya Mama Devota, hapa Mbinga, fundi wake ni mimi. Nilipima kwa jicho, nikachanganya zege, nikalilainisha kwa mikono hii mpaka likang'aa kama upara wa Paroko. Mtu akikuambia vingine, mwambie hajui kitu.

Haya. Dada yako amesoma nikiwa naandika, amecheka mpaka amekohoa. Basi niseme kweli: nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikawaelekeza mafundi, mpaka walipouhitaji huo mfuko wakaniomba nisimame. Maji nilileta ndoo moja, nusu ikamwagika njiani. Ila wazo lilikuwa langu. Na hilo nalo si langu sana, maana nililiona kwako Lundo.

Unakumbuka ilivyokuwa kabla. Hoteli yenyewe imeinuliwa juu kama kuku anayeatamia, kwa sababu maji ya masika yakishuka mlimani hayabishi hodi. Ngazi ndefu, pa kushika hakuna. Tangu lile lori likuangushe njia ya Kitai na miguu ikagoma kazi, kila Jumapili baada ya misa nilikusukuma na kiti chako cha magurudumu mpaka chini ya zile ngazi, halafu nikapaza sauti: "Wanaume wa Mbinga mko wapi?" Wanatoka na maandazi mdomoni, wanakamata kiti huku na huku, wanakupandisha kwa nyimbo na vigelegele. Tuliona tunakuheshimu. Bwana Diwani mwenyewe hajawahi kubebwa hivyo.

"Leo umekuwa kama sanamu ya Bikira Maria siku ya maandamano," nilikuambia.

"Ile ni ya plasta, shemeji," ukajibu, huku unavuta kitenge kifunike magoti. "Yenyewe upepo hauifunui."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, na mimi nilicheka kuwashinda. Sikuona kwamba wewe hukucheka.

Jumapili iliyofuata ukasema utakunywa nje, kuna hewa nzuri. Tukakupitishia kikombe dirishani. Manyunyu yakaanza, nami nikatoa kichwa nikakutania: "Wewe una bahati, sisi chai yetu inapungua, yako inaongezeka!"

Ukanitazama. "Siku nitakayoingia humo kwa mikono yangu mwenyewe, nitakumiminia chai mbele ya watu wote. Na wewe mzee utanyamaza, kikombe kizima."

Nikasema ahadi nimeipokea. Mashahidi wapo, wengine bado wana meno.

Halafu ukahamia Lundo kwa binti yako. Nilijiambia umefuata joto la ziwa, maana baridi yetu ya mwezi wa saba haina adabu. Nilipokuja kukutembelea ndipo nikaona. Kile kibanda cha chai cha wavuvi wamekilazia mlangoni ubao wa mtumbwi uliokufa, uvuke mchanga. Ukasukuma magurudumu, ubao ukalia kru kru, ukaingia, ukaniacha nje nakung'uta mchanga kwenye kandambili. "Karibu ndani, shemeji," ukasema, kama mwenye nyumba. Uso ule sikuwahi kukuona nao Mbinga. Usipa, vile visamaki vya ziwani, walikuwa wameuanika kila mahali, kwenye chanja, juu ya mchanga, hata juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Ubao wako hakuna aliyeuwekea hata samaki mmoja.

Nikarudi nikamganda Mama Devota. Kila chai niliyokunywa niliisindikiza na mteremko. Mwishoni akasema, "Mzee, najenga ili upumzike, na mimi nipumzike." Akajenga. Nikakupigia simu, ukaja na gari la asubuhi, blauzi nyeupe, nywele zimesukwa upya kama bibi harusi. Nikakusukuma kutoka stendi nikijisifu njia nzima.

Tulipokata kona, mteremko wote ulikuwa kahawa. Kuanzia juu hadi chini, imetandazwa vizuri, imezungushiwa mawe pembeni isimwagike.

"Ya nani hii?" nikauliza.

"Ya jirani," Mama Devota akasema mlangoni. "Chanja zake zimejaa. Hii saruji yako, mzee, inakausha kuliko bati!"

Na mimi, shemeji, nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi kusifiwa. Nikakugeukia nikasema, "Umeiona kazi yangu?"

Ulikuwa umeshaiona. Jirani mwenyewe alikimbilia gunia aje aizoe, akakawia. Wale wanaume wetu hawakungoja gunia. "Kwani sisi tumekufa?" wakasema, wakakunja mikono ya mashati. "Tumbebe, kama zamani!"

Ukaishika mikono ya kiti. "Acheni. Mtu hakanyagi kahawa ya mwenzake. Nileteeni chai hapa hapa."

Ukanywa nje. Ukaisifia tangawizi, ukauliza hali za watoto wa kila mtu, ukaondoka na gari la mchana. Dirishani ukaniambia, "Mteremko mzuri, shemeji. Kahawa imefaidi." Tangu siku hiyo nikipiga simu binti yako anapokea, anasema mama amepumzika. Unapumzika sana kwa mtu asiyelima.

Nimeishia darasa la nne, mambo makubwa siyajui, lakini hili nimelifikiri. Sisi Wamatengo tunajua mteremko. Tunachimba ngoro mlima mzima, kila shimo na mahali pake, maji yasituchukulie udongo. Lakini tukiona saruji kwenye jua, macho yetu yanaona kahawa tu. Hata miguu imefundishwa: siku ile kila aliyeingia kunywa chai aliikwepa ile kahawa akapanda ngazi, kwa heshima kabisa, wala hakuna aliyejiuliza wewe utapita wapi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hapo ndipo panaponiuma. Mtu mbaya ningemtukana, nikaenda kulala.

Sasa sikiliza. Nimehamisha kigoda changu. Nakaa katikati ya mteremko, kuanzia jua linapotoka. Anayekuja na ungo wa kahawa anakutana na mimi, na mdomo wangu unaujua. Juzi kaja jirani yule yule, kanitazama, kageuka na ungo wake bila salamu. Mama Devota analalamika kwamba nimekuwa kikwazo kuliko kahawa. "Kahawa angalau inazoleka," anasema. Dada yako anasema nitaota ukungu.

Sikuombi samaki, ingawa ukija na mbasa mkavu sitamfukuza. Sikuombi msamaha, nao wenyewe sijui tungeupangiaje foleni, maana tuko wengi. Naomba kile ulichoniahidi dirishani, kikombe changu kimoja. Njoo unimiminie, ndani, mbele ya watu, na sukari uweke hata kama daktari amekataza. Nitanyamaza mpaka tone la mwisho.

Ukifika chini ya mteremko utaona mgongo wa mzee umeziba njia. Usione haya. Sema "pisha" tu, nitapisha.

Wako,
mume wa dada yako, mlinzi wa saruji