Mama Anakutokea Wewe Tu

Al Nahda, Dubai

Dada Mwajuma,

Shikamoo. Goti limepoa? Shemeji na watoto wazima? Mimi mwili hauna neno, ila moyo una wivu, na wivu wenyewe ni juu yako. Naandika kwa mkono nikutumie picha, maana nikirekodi sauti nitalia.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara nne huku napiga pasi nguo za madam, bosi wangu. Unasema nyumba ya Tanga haikaliki. Kila alasiri mlango wa chumba cha marehemu mama unafunguka wenyewe, unamsikia akikohoa, kisha anakuita, "Mwaju, maji." Watoto wamekimbilia kwa jirani. Shemeji amemwita mwalimu wa madrasa aje kusoma Ijumaa, mama atoke.

Dada, wewe ulimuuguza. Ulimshika mkono akikata roho. Mimi siku ile nilimpigia madam magoti anipe pasipoti, akasema, "Subiri sir arudi safari." Sir aliporudi, mama ana siku tatu kaburini. Na bado ni kwako anakokuja!

Nikajaribu na mimi. Juzi nilijifunga kanga yake, nikakaa jikoni, nikaita, "Mama, mimi Zuhura." Kimya. Madam akaingia.

"Unaongea na nani?"

"Na mama yangu."

"Si alikufa?"

"Alikufa, madam. Anamtembelea dada yangu. Kwangu haji."

Akavuta kiti, akaketi. Akaniambia mama yake alifariki yeye akiwa masomoni ng'ambo, naye hakuwahi mazishi. Jana akanipa pasipoti: "Khalas, basi, nenda mwezi mmoja." Mkono ulipokea, lakini moyo ulisema, ungenipa siku ile.

Natua Jumatano baada ya Ijumaa hiyo. Mwambie shemeji amzuie mwalimu, tafadhali, msimfukuze mama kabla sijafika. Wewe kalale kwa jirani na wanao, chumba chake niachie mimi. Nataka kumwomba radhi. Asiponitokea, nitajua ni wewe tu anayekutaka, wala sitakulaumu tena. Utarudi tu ukae nami mkekani siku tatu, kama msiba umeingia leo, kwa sababu matanga yake mimi sikuyakaa.

Nisalimie shangazi Mwanahamisi aliyemkosha mama, na Mzee Shomari aliyesimamia kaburi. Waambie nina maswali mengi, wasichoke kunijibu.

Mdogo wako anayekuonea wivu na kukupenda,

Zuhura