Nyuma ya Boneti

Mbeya, 6 Juni 1957

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila baridi ya mwaka huu inauma. Kifua chako kimepona?

Baba, naogopa. Bwana wa ofisini kwetu amekwenda likizo Ulaya, akaniachia kigari chake nimpeleke mke wangu Atuganile hospitali ya misheni, ng'ambo ya mlima, siku yake ya kujifungua ikifika. Nilishukuru, maana mtoto wa kwanza tulimpoteza tukingoja lori. Lakini kigari kinachemsha. Nikifika nusu ya mlima mvuke unafoka, injini inazimika. Fundi wa hapa alinicheka: "Karani, kiandikie barua kipoe!" Kisha akaenda zake Chunya. Nifanye nini?

Mwanao,
Anyitike

Iringa, 14 Juni 1957

Mwanangu,

Marahaba. Kifua bado kinanisumbua, lakini kazini gereji naenda.

Usifungue rejeta injini ikiwa ya moto, itakubabua uso. Ifungue asubuhi, jaza maji, washa, tazama. Maji yakitoa mapovu kama uji jikoni, gasketi, ile karatasi ya kuziba kichwa cha injini, imeungua. Yasipotoa, kaza mkanda wa feni, basi.

Usiniombe kuja. Unajua mwiko wetu: mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Nyumba yako ina mlango mmoja. Nitapita wapi, naye apite wapi?

Baba yako

Mbeya, 21 Juni 1957

Baba,

Shikamoo. Ni mapovu, mengi.

Mchungaji anasema kuonana si dhambi. Atuganile aliposikia alilia: "Afadhali niende kwa miguu kuliko kumvunjia baba heshima." Siku zake zimekaribia. Njoo na gasketi, Baba. Yeye atakaa ndani, wewe utafanya kazi nje, utalala kwa Mwalimu Yotamu. Sina mwingine.

Mwanao,
Anyitike

Mbeya, 9 Julai 1957

Baba,

Shikamoo. Ulifika Iringa salama? Mbona hukuniaga?

Uchungu ulipoanza, ulikuwa unakaza nati za mwisho, na kigari kiko mbele ya mlango. Mimi nilisimama tu kama nguzo. Wewe hukugeuka. Uliinama zaidi nyuma ya boneti ukasema, "Mpitishe." Akapita amejifunika kanga, akalala kiti cha nyuma. Kati yenu palikuwa na lile bati tu. Ukaniambia, "Nikipotea kwenye kona, ndipo ufunge boneti." Nilipofunga, barabara ilikuwa tupu.

Ni mvulana, Baba. Mzima, na analia kwa nguvu. Niliporudi nilipita kwa Mwalimu, kitanda chako kilikuwa kimetandikwa. Sikukupa hata chai.

Mwanao,
Anyitike

Iringa, 18 Julai 1957

Mwanangu,

Marahaba. Mungu ashukuriwe.

Sikuondoka papo hapo. Nilisimama kwenye mikaratusi nikiisikiliza injini ikipanda. Mlipofika pale inapochemkia, nilishika mti. Ukabadili gia, ikaendelea, hata nisiisikie tena. Ndipo nikatafuta lori la kurudi.

Barua yako ilinikuta peke yangu. Tangu mama yako atutoke, habari njema hapa haina pa kwenda. Nikamwambia muuza mafuta ya taa kwamba nimepata mjukuu. Akasema "hongera", akaendelea kupima.

Msalimie mama wa mtoto. Mwambie alipita vizuri, sikusikia hata hatua zake. Na huyo mvulana akijua kutembea, mlete. Yeye anaruhusiwa kunitazama.

Baba yako