Programu ya Kaka Haijui Mlango wa Bucha

Shangazi mshauri, shikamoo, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi na jina langu usilitoe. Baba ana bucha na anajenga chumba cha baridi cha kuhifadhia nyama, na kaka yangu aliye chuoni, ambaye baba humwita Injinia hata kabla hajamaliza, ametengeneza programu yake mwenyewe ya hesabu za thamodinamiki, yaani inakokotoa joto linaloingia chumbani na ukubwa wa kompresa ya kulitoa. Shuleni tunatumia nyingine ya bure, sasa baba akaniambia, "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Tuchagulie moja, Jumamosi nanunua kompresa," nikazijaribu zote mbili kwa vipimo vilevile, ya shule ikataka kompresa karibu mara mbili ya ile ya kaka. Nikachungulia ndani ya programu ya kaka, nikaona inahesabu kama vile mlango umefungwa kutwa nzima, Shangazi, bucha gani hiyo? Kaka akapita nyuma yangu, "Vipi mdogo wangu, umeona kazi ya wanaume?" nikacheka tu, na mezani baba anavyomsifu mpaka chakula kinapoa, halafu mimi fizikia nimesoma kwa Kiingereza, kumweleza baba ni kwa Kiswahili, naishia kunyamaza kwa lugha zote mbili. Nikichagua ya shule namwaibisha kaka, nikichagua yake nyama itaoza, na pengine niliyekosea ni mimi. Nifanyeje?

Mwenye Aibu

Marahaba, binti yangu. Nimekuhurumia, na hapohapo nimetamani kukufinya sikio. Umeona kosa kwa macho yako, halafu unacheka "tu"?

Programu haichaguliwi kwa sababu ni ya kaka, wala kwa sababu ni ya shule. Tafuta chumba cha baridi kinachofanya kazi vizuri, hata cha muuza maziwa. Unaogopa kuuliza? Nenda na mama yako. Chukua vipimo vya chumba hicho, uliza mlango hufunguliwa mara ngapi, ingiza kwenye programu zote mbili, hata kama ya kaka haina pa kuuweka mlango. Itakayokaribia kompresa iliyopo pale ndiyo ya kuaminiwa. Zikikosea zote mbili, baba asinunue kitu Jumamosi.

Kisha mfuate kaka, wawili tu, si mezani: "Kaka, mlango uko wapi kwenye hesabu zako?" Hakuna Kiingereza hapo. Akikataa kusikia, mwambie baba wewe mwenyewe, kabla hajatoa hela.

Kaka yako atanuna siku mbili tatu, atapona. Nyama ikishaoza haiponi.