Mfuko wa Bibi Mwanaidi

Dada Rehema, shikamoo.
Kwashemshi kuna kaubaridi katamu, dada, sweta nililolifuma mwenyewe halitoki mwilini! Jana nilimkuta jirani yangu, Bibi Mwanaidi, barazani kwake, anasokota nyuzi za katani pajani. Nikajaribu, paja likawaka moto.
"Wewe umezoea sufu," akacheka.
Kisha akanionyesha mfuko alioacha kuufuma tangu mumewe afariki. "Macho yangu hayaoni tena vitanzi, mjukuu wangu."
Nikashika sindano nikafuma, yeye akisokota, tukaumaliza kabla ya adhuhuri. Akautia begani, tukaenda sokoni. Kila aliyetusalimia aliambiwa, "Huu tumefuma mimi na mjukuu wangu!" Mwanzoni nilisema mimi ni jirani tu, mwishowe nikaitikia, nikawa mjukuu.
Wabusu wanao, nimewakumbuka mno.
Mdogo wako, Asha