Shafti Iliyonyooshwa Mara Tatu

Igogo, Mwanza
3 Machi 2025

Mwanangu Kija,

Salamu. Sisi wazima, ila masikio yangu yamezidi kuziba kwa kelele za nyundo, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Wewe na wanafunzi wako hapo Bukoba mnaendeleaje?

Kaka yako Elias amegonga mwamba tena, shafti ya propela ya boti yake ikapinda. Nimeinyoosha baridi, bila moto, kama zile mara mbili za kwanza. Safari hii nimetoka jasho. Imekuwa ngumu mno. Elias akanitania, "Mzee, sasa itapinda miamba, siyo yenyewe!" Nimefurahi. Chuma kimekomaa kwa kugongwa. Wewe mwalimu wa kemia, nieleze kwa nini, nikawaringie mafundi wenzangu.

Baba yako,
Kashindye

Bukoba
18 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Mimi sijambo, nimemaliza kusahihisha mitihani. Asubuhi hii nimempigia Elias mara tano, hapatikani. Tafadhali mzuie asiingie ziwani na shafti hiyo.

Atomi za chuma zimepangwa kwa safu. Kila atomi imeachia elektroni zake za nje, nazo zinazunguka kati ya atomi zote bila kuwa za yeyote. Hizo ndizo zinazoshikilia safu pamoja. Ukigonga, safu zinateleza, lakini elektroni bado zinazishika. Ndiyo maana chuma hupinda pale ambapo chumvi ya mawe ingepasuka. Elektroni hizohizo hupitisha umeme, huleta joto hadi kiganjani kwako, na hukipa chuma mng'ao.

Tatizo ni hili: safu huteleza kupitia kasoro za mpangilio, na kila pigo huongeza kasoro. Zikijaa, zinazuiana. Hapo ndipo ulipotoka jasho. Ugumu huo siyo uimara, baba. Chuma hakina tena nafasi ya kuteleza, na kinachofuata ni ufa. Chukua waya wa kufungia nondo, uukunje na kuunyoosha palepale, uhesabu. Elias anunue shafti mpya.

Binti yako,
Kija

Igogo
22 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Elias yu hai. Nimeanza na hilo.

Tarehe 18, saa mbili asubuhi, shafti ilikatika. Upepo ukaisukuma boti kwenye miamba, ikapinduka. Watu saba waliokolewa. Modesta muuza dagaa, mke wa Obedi, hakuokolewa. Tumemzika juzi. Simu ya Elias imo ziwani. Barua yako niliikuta niliporudi kutoka makaburini.

Waya ulikatika mkunjo wa kumi na saba. Ulikuwa wa moto vidoleni.

Watu wanasema mwamba ndio uliokata shafti. Elias naye amewaambia polisi hivyo. "Baba, nyamaza. Wameshaamini." Lakini kipande kilichobaki kwenye injini ninacho. Kimekatika palepale nilipokuwa nagonga.

Jana nilimpelekea Obedi kipande hicho na barua yako. Akaisoma mara mbili.

"Mzee Kashindye, kumbe binti yako alijua?"

"Alijua."

"Mbona kaandika siku mke wangu anakufa?"

Nikamwambia barua yangu ilichelewa njiani. Ilichelewa, siyo?

Baba yako

Bukoba
27 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Sikuulizi kama unalala. Mimi silali.

Haikuchelewa. Kondakta wa basi alinikabidhi barua yako tarehe 5, saa kumi jioni. Niliisoma nikiwa nimesimama, na nilielewa palepale. Nikajiambia nitajibu nikimaliza kusahihisha. Shafti imestahimili mara mbili, itastahimili wiki nyingine. Nikaiweka chini ya mitihani ya Kidato cha Tatu. Swali la nne lilikuwa: eleza kwa nini metali hupinda bila kuvunjika. Wanafunzi thelathini na wawili walilipata.

Usimwambie Obedi neno lingine. Nafika Jumamosi. Nitamwambia mwenyewe.

Binti yako,
Kija