Uji Usioonjwa

Mama yangu uliyelala Itetemia,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini nisipokuamkia utasema nimekosa adabu. Nina neno na wewe, na usijifanye hulijui.

Nimeanza mafunzo. Sisi tuliowahi kuugua akili tunafundishwa kuwatembelea wanaougua sasa na kuwasikiliza. Mwalimu wetu ni mpole mno. Mtu mpole kiasi kile mimi namwangalia mikono. Wiki nzima nilikunywa chai niliyobeba nyumbani, wenzangu wakinicheka: "We dada, hatukulogi!" Wacheke tu. Hawakulelewa na wewe.

Si wewe uliyenifundisha kwamba anayekupa kikombe huonja kwanza mbele yako, kutoa sumu? Ulionja kila kitu, hata maji ya mtungini. Kisha asubuhi ile ukaniletea uji wa ulezi, asali imezidi, na hukuonja.

"Mbona huonji?"

"Nimeshiba, mwanangu."

Ushibe wewe, saa moja asubuhi! Nikakoroga, nikakuta chengachenga za vidonge chini. Tangu siku hiyo sikula chochote kutoka mkononi mwako mpaka tulipokuzika. Hilo linaniuma, Mama, na hasira bado ninayo.

Juzi nilipelekwa kwenye mazoezi, nyumba moja jirani na Kipalapala. Binti wa pale amegomea dawa. Mama yake akatoka jikoni na kikombe cha uji, akaninong'oneza, "Mhimize anywe, wewe anakuamini." Nikanusa. Asali! Ewe Mola wangu. Binti alikuwa ananitazama mimi, wala si kikombe.

Nikasema, "Mama, onja kwanza."

Mkono wake ukatetemeka, uji ukamwagikia kanga yake. Akaangua kilio: "Sasa nifanyeje? Asipomeza atapotelea tena porini, na safari hii sitampata!"

"Mwambie yeye hivyo hivyo," nikamjibu.

Akamwambia. Binti akaomba avione vidonge vyenyewe, akavigeuzageuza kiganjani, akasema atafikiri. Hakumeza. Lakini alikaa pale pale na mama yake.

Mimi nilikuwa nautazama ule mkono. Kumbe wewe uliogopa, Mama. Miaka yote nilijua unaniua. Ungesema tu!

Jumapili naja kaburini na uji wa ulezi, nikumwagie kidogo. Usiwe na wasiwasi, nitaonja kwanza, tena mbele yako.

Lala salama.

Kitindamimba wako, asiyemwamini mtu