Kidole Kilichobaki Kwenye Kopo

Mzee Chilambo, fundi wangu,

Shikamoo huko uliko. Situlii, Mzee. Tangu nirudi kutoka Ulaya nashika tindo, naiweka, natoka nje, narudi.

Ndiyo, Ulaya. Mie huyu wa darasa la sita. Niliitwa kuonyesha uchongaji, na wachongaji wote wa Mwenge niliwaaga mara tatu tatu wasije wakasahau.

Siku ya mapumziko wakatupeleka makumbusho. Jumba kubwa, nyangumi mzima kaning'inizwa darini, mifupa mitupu. Nikawaambia wenzangu kwetu pwani ya Kawe wanapitaga na nyama zao. Uongo, lakini walicheka. Tukapita tembo aliyekaushwa, tukaingia chumba cha vitu vya Afrika. Hapo mzaha ukaniisha.

Yule mama wa mpingo aliyebeba mtungi. Kazi yako, ndani ya kioo, na taa yake peke yake. Nikainama kutazama mguu wa kushoto. Vidole vinne.

Unakumbuka. Nilikuwa na miezi mitatu bandani kwako, najifanya najua, ukaenda kunywa chai nikashika tindo. Kidole kikaruka. Mteja alipouliza ukamwambia, "Mkono wangu uliteleza." Akanunua hivyo hivyo. Mie nikajifanya nafagia vumbi. Kidole ukakitia kwenye kopo la misumari, ukaniambia, "Siku ukijiona fundi, fungua hili kopo."

Sasa mkalimani wetu akatusomea maelezo ya pale: eti vidole vinne ni mizimu ya ukoo. Na mchongaji hajulikani. Hajulikani, Mzee. Wewe, ambaye hata mbwa wa Mwenge walikuwa wanakupisha njia.

Nikamtajia dada anayetunza chumba kile jina lako lote. Akaniuliza kwa upole nina ushahidi gani. Nikasema ninao, uko Goba kwa mjane wa fundi.

Jana nimefika Goba, Mama kanipa kopo. Kidole kimo, na alama ya tindo yangu. Mama akaniambia, "Ukikipeleka, watajua aliyeharibu ni wewe."

Najua. Mie ninayejisifu kila kijiwe, nitajulikana hadi Ulaya kwa kukata kidole cha watu.

Wacha wanijue. Nakituma wiki hii, na barua: aliyechonga ni Mathei Chilambo, aliyeharibu ni mwanafunzi wake. Wasipoandika jina lako, nitatuma barua nyingine, na nyingine.

Pumzika, Baba. Kopo nabaki nalo. Nitakuwa nalifungua hata likiwa tupu.

Mwanao wa bandani,
Saidi